Altezza ya 2001: turbo au supachaja? Nipo Tabora

Kijana wa Ipuli: Habari za jioni wakuu. Toyota Altezza yangu ninayo mwaka wa nne sasa, naipenda mno, ila njia ya Nzega kulipita basi ni kazi. Nataka kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi ipate nguvu: kuna turbo ya mtumba nimewekewa Gerezani, Dar, fundi wangu naye anasema nifunge supachaja. Nichukue ipi? Mwisho wa mwezi nalipa.

Fundi Cheyo: Altezza ipi? AS200 ya silinda sita au RS200 yenye injini ya 3S-GE? Gia za mkono au otomatiki? Una shilingi ngapi?

Dada wa Chemchem: Na kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda, umepima? Injini iliyochoka ukiisukumia hewa unaimalizia.

Kijana wa Ipuli: Samahani wakuu. RS200, gia sita za mkono. Milioni nne na nusu. Kompresheni sijapima.

Fundi Cheyo: Basi tulia kwanza. Hiyo 3S-GE ina nguvu ya farasi 210 bila turbo, na sababu mojawapo ni uwiano wake wa mgandamizo, 11.5 kwa 1. Ukiongeza hewa hapo, mafuta yanajiwasha kabla ya wakati, injini inagonga, pistoni zinapasuka. Toyota wenyewe walipoweka turbo kwenye 3S-GTE ya Celica GT-Four ST205 walishusha hadi 8.5.

Mwendo Mdundo: Supachaja, mkuu. Inazungushwa na mkanda wa injini, ukikanyaga tu gari limeshaitika. Turbo mpaka ingoje moshi wa eksozi.

Fundi Cheyo: Huo mkanda unakula nguvu ya injini ileile. Turbo inatumia moshi ambao ungepotea bure. Halafu Tabora tupo kama mita 1,200 juu ya bahari, hewa nyepesi, turbo ndiyo dawa.

Mwendo Mdundo: Kwani supachaja haisukumi hewa?

Dereva wa Kaliua: Mdogo wangu wa Ipuli, nisikilize mimi niliyelia. Nilikuwa na AS200, nikafunga turbo kwa fundi mmoja aliyeniapia kwamba nozeli na pampu ya mafuta za zamani zinatosha. Mjini ilikuwa raha tupu. Siku ya nne natoka Nzega usiku, mke wangu pembeni, nikaikanyaga kwa muda mrefu. Karibu na Puge nikasikia mlio kama kokoto ndani ya kopo. Sikuachia. Dakika moja mbele, moshi mweupe nyuma, nguvu kwisha. Tukalala barabarani mpaka lori la mbao likatuvuta asubuhi. Kufungua, pistoni ya tatu imetoboka katikati, kama imechomwa kwa gesi ya kuchomelea. Hewa iliongezeka, petroli haikuongezeka. Turbo yenyewe ilikuwa nzima! Hesabu nozeli, pampu, intakula ya kupoza hewa na mtu wa kuipanga upya kompyuta ya injini kabla hujatoa hata mia kwa ajili ya turbo.

Dada wa Chemchem: Pole sana kaka. Hiyo ya kokoto vijana waishike: ukiisikia, mguu juu hapohapo.

JZ Damu: Mnajitesa bure. Toa hiyo, weka injini ya 1JZ-GTE. Farasi 280 za kiwandani, turbo imo tayari.

Fundi Cheyo: Kwa milioni nne na nusu? Na namba ya injini ipo kwenye kadi ya gari, lazima aende TRA wabadilishe.

JZ Damu: Nilikwenda, mbona kadi nilipata.

Mzee wa Ng'ambo: Wanangu, hakuna aliyetaja breki. Barabara ile ina ng'ombe na baiskeli za mkaa. Breki kwanza, nguvu baadaye.

Mwendo Mdundo: Mzee, breki za RS200 zinatosha.

Mzee wa Ng'ambo: Zinatosha kwa farasi 210, mwanangu. Na zilikuwa mpya.

Kijana wa Ipuli: Shikamoo mzee, nimekuelewa. Muuzaji nimemwambia asubiri. Nani ana kipimo cha kompresheni cha kuazima?

Dada wa Chemchem: Ninacho. Jumamosi saa tatu asubuhi, ila uje na betri nzima.

Kijana wa Ipuli: Nakuja dada. JZ Damu, ile 1JZ uliifungia giaboksi gani?