Baruti ipi inafaa .308?

Mgeni_Montana: Wakuu, salaam. Nimeanza kujaza risasi mwenyewe huku Montana kwa ajili ya kulungu. Bunduki ni .308 Winchester, kichwa cha risasi cha greni 165 (kipimo cha uzito). Dukani nimekuta Varget, H4350 na kopo la H110. Nichukue lipi?

Babu_Fataki: Mwanangu, H110 usiiguse kwa kazi hiyo. Inaungua haraka, ni baruti ya bastola za magnum, zile za risasi zenye nguvu kubwa. Ukiijaza kwenye .308 kwa kipimo cha Varget, bunduki itakupasukia usoni. H4350 yenyewe inaungua polepole. Nyumbani kwake ni risasi za .30-06 na 6.5 Creedmoor. Kwenye ganda dogo la .308 nafasi huisha kabla hujapata kasi.

Chukua Varget. Chembe zake ni vijiti vifupi, na haibadiliki sana kati ya joto la Agosti na baridi ya Novemba, jambo kubwa sana huko kwenu. Fungua jedwali la vipimo la Hodgdon, wenye baruti hiyo, tafuta kichwa chako hasa, anza na kipimo cha chini. Panda kidogo kidogo. Ukiona fataki (kile kidude cha kuwashia baruti kitakoni mwa ganda) imelala bapa, au bolti, komeo la bunduki, imekuwa nzito kuinua, acha hapohapo, hata kama jedwali linaruhusu zaidi.

Mgeni_Montana: Shikamoo babu, asante. Rafiki ana IMR 4350. Si ndiyo H4350 hiyohiyo?

Babu_Fataki: Marahaba. Hapana! Namba zinafanana, vipimo ni tofauti. Na mezani liwepo kopo moja tu.