Tovuti ya programu huria: tubaki WordPress, twende Hugo au Docusaurus?

mkonge_line
Asalaam aleikum wakuu. Hapa Tanga tuna mradi wa programu huria ya kutunza stoo za dawa za zahanati. Tovuti yake imechakaa, tunataka kuisuka upya. Hosti tunayolipia inaisha mwisho wa mwezi, kwa hiyo lazima tuamue: tubaki WordPress (unaandika humo humo kwenye kivinjari) na thimu mpya, yaani mwonekano mpya, au tuhamie Hugo au Docusaurus, zinazojenga kurasa kutoka faili za maandishi? Naombeni ushauri kabla hatujalipia mwaka mwingine.

mzee_wa_seva
Umeuliza nusu. Kurasa ngapi? Lugha ngapi? Nani anaandika, watengeneza programu au watu wa zahanati? Watu wanashusha nini hapo, na kina ukubwa gani? Wanasoma kwa simu au kompyuta? Usipoyasema hayo kila mtu atakutajia kipenzi chake.

Raskazone
Hugo. Programu yenyewe ni faili moja, haitaki PHP inayoendesha WordPress wala hifadhidata, na kurasa mia kadhaa zinajengwa kwa sekunde chache. Kinachopanda kwenye seva ni HTML tupu, hakuna plagini (programu ya nyongeza) ya kusasisha kila wiki. Ila wote mtumie toleo moja, na kwenye Cloudflare Pages (huduma ya kuweka tovuti) liandike kwenye mpangilio wa HUGO_VERSION. Usipoliandika, seva inajenga kwa toleo lake, na thimu inaweza kugoma wakati kwako ilikuwa inafanya kazi.

binti_ngamiani
Raskazone, wewe kila uzi ni Hugo. Anayejua namna dawa zinavyopokelewa stoo ni mfamasia, na mfamasia hatumii Git, chombo cha watengeneza programu cha kutunza mabadiliko ya faili. WordPress anaingia, anaandika, anabonyeza Chapisha. Wapunguze plagini zibaki chache, mabadiliko ya mwonekano yakae kwenye thimu mtoto (inayorithi ile kuu), maana ukihariri thimu kuu yenyewe kila kitu kinafutika siku ya kusasisha.

mkonge_line
Samahani wakuu, nilikuwa na haraka. Kurasa ni kama 140, nyingi za mwongozo. Kiswahili na Kiingereza, Kiswahili ndicho kinachosomwa zaidi. Waandishi watatu: wawili wanajua Git, mmoja mfamasia. Kisakinishi ni MB 60. Wasomaji wengi wako Pangani, Muheza na Handeni, wanatumia simu na bando. Halafu anwani za kurasa za mwongozo zimechapwa kwenye karatasi zilizobandikwa ukutani ndani ya stoo.

mzee_wa_seva
Hiyo ya karatasi ukutani ndiyo ilitakiwa ije kwanza! Anwani zenyewe zikoje, za maneno au za namba tu kama `?p=214`?

mkonge_line
Za `?p=`, mzee.

mzee_wa_seva
Basi soma hapa taratibu. Kuna mradi mmoja wa programu huria, jina naliacha, ulihama kutoka WordPress bila orodha ya anwani za zamani. Siku ya kuhama viungo vyote vya nje vikaanza kutoa 404 (ukurasa haupo). Wakakimbilia kuelekeza kila anwani ya zamani kwenye ukurasa wa mwanzo, na hapo ndipo wakaharibu zaidi: aliyetafuta namna ya kurejesha bakapu anatua kwenye nembo na maneno ya kukaribisha, anaondoka. Google nayo huchukulia uelekezaji wa namna hiyo kama ukurasa usiokuwepo, kwa hiyo hata nafasi kwenye utafutaji haikuokoka. Walipotaka kuelekeza moja moja wakagundua kwamba faili ya `_redirects` ya Cloudflare Pages haisomi kilicho baada ya alama ya kuuliza. `?p=214` na `?p=300` kwake zote ni ukurasa wa mwanzo. GitHub Pages, huduma nyingine ya aina hiyo, ndiyo kabisa, haikupi 301 ya seva (jibu kwamba ukurasa umehamia anwani nyingine). `Aliases` za Hugo zinatengeneza ukurasa mdogo wa HTML unaomsukuma msomaji, na huo nao hauoni `?p=`.

Kwa hiyo anza na orodha. Fungua ramani ya tovuti, ambayo kwa anwani za `?p=` iko `/?sitemap=index`, toa anwani zote, ongeza zilizomo kwenye kumbukumbu za seva, kisha andika safu mbili: ya zamani na mpya. Siku moja kabla ya kuhama shusha TTL ya DNS (muda ambao anwani ya seva yenu hukumbukwa mtandaoni) hadi sekunde 300. Pima kila mstari kwa amri ya `curl -IL`: unataka 301, halafu 200 (ukurasa umefunguka). Na hosti ya zamani usiizime siku hiyo hiyo.

Raskazone
Mzee yuko sahihi, lakini hilo halimzuii kwenda Hugo. Ukurasa wa mwanzo unawekewa hati fupi ya JavaScript inayosoma namba ya `p` na kumpeleka msomaji kwenye ukurasa wake. Mengine mawili: weka `defaultContentLanguageInSubdir = true` tangu mwanzo ili Kiswahili kikae `/sw/`, maana ukiibadilisha baadaye anwani zote za Kiswahili zinahama tena. Na kisakinishi kiwekwe GitHub Releases (sehemu ya GitHub ya kushushia programu), kwa sababu Cloudflare Pages haipokei faili inayozidi MiB 25. Pembeni yake andika SHA-256, alama ya kuhakiki kwamba faili iliyoshushwa ndiyo yenyewe.

mwambao
Mradi huria, halafu kila kitu GitHub, mali ya Microsoft tangu 2018? Codeberg ipo, inaendeshwa na chama kisicho cha faida Ujerumani, na ina Pages pia.

Raskazone
Muuguzi wa Handeni anataka ukurasa ufunguke, mwenye seva hamjui.

mwambao
Hamjui leo. Siku akaunti ikifungwa atamjua. Angalau muwe na nakala ya hazina nzima ya faili za mradi sehemu ya pili, na domeni iwe yenu wenyewe. Kuhusu Docusaurus: ni nzuri mkiwa na matoleo kadhaa ya mwongozo yanayoishi pamoja, lakini inabeba React (maktaba ya JavaScript), na kwa simu dhaifu ya mtu wa bando huo ni mzigo.

binti_ngamiani
Bado hamjanijibu kuhusu mfamasia.

Raskazone
Decap CMS, dada. Anajaza fomu, yenyewe inaandika kwenye Git.

mzee_wa_seva
Nje ya Netlify (huduma nyingine ya kuweka tovuti) hiyo inataka seva ndogo ya OAuth kwa ajili ya kuingia. Nani ataitunza?

mkonge_line
Shukrani wakuu. Orodha ya anwani tunaanza kesho. Je, kutafuta ndani ya tovuti bila hifadhidata kunawezekana?

Raskazone
Pagefind. Inaendeshwa baada ya Hugo kumaliza kujenga, na simu inashusha vipande vya faharasa inavyovihitaji tu.

binti_ngamiani
Haina uchambuzi wa Kiswahili. Mtu akiandika "kifaa" hapati ukurasa wenye "vifaa" peke yake, kwa sababu kinachobadilika kiko mwanzo wa neno. Itabidi kila ukurasa wa mwongozo uwe na maumbo yote mawili, kwa kurasa 140. Hiyo kazi nayo mtampa mfamasia?