Gari la turbo linamisi (linakatakata) likipata moto, wakuu naomba msaada

Wakuu habari za jioni, niko Tanga hapa Chumbageni, nina kigari cha michezo cha milango miwili, silinda nne, turbo, dairekti injekshen (petroli inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda). Asubuhi linawaka vizuri tu ila nikitoka Muheza nikifika Pongwe nikikanyaga mafuta linakatakata, taa ya injini inamwekamweka halafu inabaki imewaka. Fundi kapima na mashine kaona kodi (namba ya hitilafu) P0302 akasema nozeli zote nne, zile za kupulizia petroli, zibadilishwe, hela yenyewe ndo ya ada za watoto, nimechoka kweli

> Pole kaka. Usinunue kitu kwanza. P0302 maana yake silinda ya pili haichomi vizuri, haisemi nozeli. Koili (kile kinachopeleka umeme wa cheche kwenye plagi) ya silinda ya pili badilishana na ya tatu, futa kodi, endesha mpaka lipate moto. Ikija P0303 basi koili ndo mbovu, nyingi zinafeli zikipata joto. Kodi isipohama fanya hivyohivyo na plagi. Na taa ikimwekamweka punguza mafuta, petroli isiyoungua inaenda kuunguza masega ya kwenye ekzosi yanayosafisha moshi

> Na ukivuta plagi iangalie, yangu ilikuwa na mstari mweusi kwenye kauri, cheche ilikuwa inatorokea pembeni. Ila likimisi asubuhi lingali baridi ndo ushuku kaboni kwenye valvu za kuingiza hewa, injini hizi za dairekti petroli haipiti pale kuziosha

Wakuu nimehamisha koili leo, imekuja P0303! Asanteni sana, natafuta koili moja tu