Jiko la moshi lenye tanuri la pembeni: moshi wa moja kwa moja au wa kurudi?

Mpasua Kuni: Wakuu, habari zenu. Naachana na mkaa, nataka jiko la moshi la kuni, la kubanikia nyama kwa moshi, lile lenye tanuri (sanduku la kuwashia moto) pembeni. Nimebakiza mawili. La kwanza, moshi unaingia upande wa tanuri na kutokea dohani ya upande wa pili. La pili ni la moshi wa kurudi: lina bamba la chuma chini ya chanja, moshi unakwenda hadi mwisho kisha unarudi juu ya nyama, na dohani ipo upande uleule wa moto. Nichukue lipi? Lazima niamue wiki hii.

Fundi Chuma: Mkuu, mbona hujasema unene wa chuma? Dohani ina upana gani? Unabanikia watu wangapi? Bila hayo tutakuwa tunabahatisha.

Mama Chanja: Na kuni je? Una pa kuzikaushia? Haya majiko yanataka kipande kipya kila baada ya nusu saa hivi, mchana kutwa. Kama huna kuni kavu na huna muda wa kukaa na moto, hata jiko bora halitakusaidia.

Bwana Mbavu: Chukua la kurudi, usijiulize mara mbili. Lile bamba linasambaza joto, nyama zote zinaiva pamoja. Kwenye la moja kwa moja, ya karibu na moto inakauka huku ya mwisho bado mbichi.

Fundi Chuma: Si hivyo, ndugu yangu. Bamba hilo linachelewa kupata moto na likishapata linachelewa kupoa, kwa hiyo joto likikupanda kulishusha ni kazi. Mafuta nayo yanadondokea juu yake, yasipokuwa na njia ya kutokea yanaungua. Joto kutofautiana upande na upande ni faida ukilijua jiko lako: kuku waweke karibu na tanuri, vinavyotaka upole vikae upande wa dohani. Mimi huangalia unene kwanza. Chuma cha milimita 6 kinashika joto hata upepo ukivuma.

Moshi Mwembamba: Naunga mkono hoja ya unene, na nitaeleza kwa nini. Niliuziwa jiko linalong'aa kwelikweli, bati jepesi, fundi simtaji. Siku ya kwanza rangi ya tanuri ilibabuka yote. Muda si mrefu mlango ukapinda, moshi ukawa unatokea kila pembe isipokuwa kwenye dohani. Dohani yenyewe ilikuwa nyembamba, moto ukakosa pumzi, ukatoa moshi mweupe mzito. Nilipofunua kifuniko nikakuta matone meusi kama lami yakining'inia juu ya nyama. Nyama ilikuwa chungu, watoto hawakuimaliza. Kipimajoto cha kifuniko kilisoma nyuzi 110 za Selsiasi, nikaweka kingine juu ya chanja kikasoma 145! Nilimrudia muuzaji, akaniambia ndivyo yalivyo yote. Kamba ya kuziba kingo za mlango ili moshi usivuje nilijinunulia mwenyewe.

Mama Chanja: Pole sana. Mpasua Kuni, lolote utakalochukua, lipake mafuta ya kupikia ndani, utando mwembamba, uwashe moto kwa saa mbili tatu kabla ya nyama ya kwanza. Kipimajoto kikae usawa wa chanja, ulishikilie kati ya nyuzi 107 na 135. Dohani iache wazi kabisa, moto uuongoze kwa hewa inayoingia tanurini. Moshi unaoutaka ni ule wa kibluu, karibu hauonekani.

Dogo wa Majivu: Mimi kuni naziloweka usiku mzima ili moshi uwe mwingi. Nzuri?

Mama Chanja: Hapana mwanangu. Moto utahangaika kukausha maji kwanza, na moshi utakaoupata ni huo mweupe anaousema mwenzako. Pasua vipande unene wa kifundo cha mkono, vipange juu ya tanuri vipate joto. Tena msonobari usiuguse, una utomvu.

Bwana Mbavu: Na maganda? Mimi huyabandua yote.

Fundi Chuma: Kuni ikiwa kavu, maganda hayana neno.

Bwana Mbavu: Yana neno! Yanafuka kabla hayajashika.

Mpasua Kuni: Asanteni. Nimeuliza: la kurudi ni milimita 3, la moja kwa moja ni 6, ila ni zito na halina magurudumu, nami nitakuwa nalihamisha. Watu ni familia tu, wageni mara mojamoja.

Fundi Chuma: La 6. Magurudumu yanachomelewa.

Bwana Mbavu: Milimita 3 kwa familia inatosha kabisa, ukiliweka penye kinga ya upepo. Huyo hataki kusukuma mzigo kila Jumamosi.

Moshi Mwembamba: Dohani bado hujatuambia upana wake.