Tusilegeze tahadhari ya UKIMWI

Mkazi wa Makambako:
Ndugu zangu, mwezi huu tumemzika jirani wa tatu aliyeacha dawa, ilhali utafiti wa 2022/2023 ulikuta asilimia 12.7 ya watu wazima mkoani Njombe wana maambukizi. Tufanyeje?

Dada wa Mafinga:
Poleni sana. Mdogo wangu, mpasua mbao, aliacha vidonge alipojiona amenenepa. Virusi vikififia, kipimo cha wingi wa virusi hakivioni, lakini havijatoka mwilini. Sasa kopo lake hukaa kando ya redio, naye humeza kidonge taarifa ya habari ya saa mbili usiku inapoanza.

Mzee wa Tukuyu:
Dawa ni bure. Anayehama kufuata vibarua vya chai aombe kliniki barua ya uhamisho mapema.

Mkazi wa Makambako:
Ahsante, mzee wangu. Kesho nitamsindikiza mjane akapime.