PCOS (mvurugiko wa homoni unaozuia mayai ya mwanamke kupevuka vizuri) na moyo: sukari 5.4 kabla ya kula, inatosha?

Zamu_ya_asubuhi
Wakuu, habari za kazi. Mteja ana miaka 29, hedhi inamjia kila baada ya siku 50 hadi 60, ndevu zinamuota kidevuni, kiuno sentimita 96. Tezi ya shingo na prolaktini (homoni ya maziwa) zimetoka safi, kwa hiyo naona ni PCOS. Presha 134/86, sukari kabla hajala 5.4 mmol/L. Anataka vidonge vya uzazi wa mpango. Kwa upande wa moyo, kuna cha kupima zaidi?

Daktari_wa_ndani
Kipo. Kwenye PCOS mwili huwa sugu kwa insulini, na kongosho hufidia kwa kumwaga insulini nyingi. Ndiyo maana sukari ya asubuhi hukaa sawa kwa miaka huku ile ya baada ya kula imeshapanda. Mpe glukosi gramu 75 kwenye maji mililita 300, aimalize ndani ya dakika 5, atulie kitini, mtoe damu baada ya saa 2. Kuanzia 7.8 kuna kasoro, 11.1 ni kisukari. Pima na mafuta ya damu, lakini yote: kawaida trigliseridi zinakuwa juu na HDL (kolesteroli nzuri) chini, sasa ukiangalia kolesteroli ya jumla peke yake utamwambia yuko salama.

Maabara_tu
Msikimbilie HbA1c (kipimo cha wastani wa sukari ya miezi 2 hadi 3, kwenye chembe nyekundu za damu) kwa kuwa ni rahisi. Hedhi ikichelewa miezi miwili halafu ikamtoka wiki nzima kwa wingi, upungufu wa madini ya chuma huweza kuipandisha bure. Mwenye selimundu usimpime hiyo kabisa. Chembe zake hazidumu, jibu linasoma chini.

Nesi_wa_mpango
134/86 irudie. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hupandisha presha isiyokuwepo. Akae dakika 5, aegemee, miguu chini, asiongee. Ikifika 140/90 kweli, vidonge vyenye estrojeni hapana, mpe vya projestini (homoni nyingine ya uzazi wa mpango) peke yake. Muulize pia kama kipandauso humuanza kwa vimulimuli machoni. Akisema ndiyo, estrojeni hapana hata presha ikiwa nzuri: kuna hatari ya kiharusi.

Zamu_ya_asubuhi
Asanteni. Glukosi ikitoka mbaya, metfomini (dawa ya kushusha sukari) naanzaje?

Daktari_wa_ndani
Sambamba na chakula na mazoezi, miligramu 500 na mlo wa jioni, ongeza 500 kila wiki 1 au 2. Ukimuanzishia 1000 mara mbili ataharisha na hutamwona tena. Mayai yanaweza kuanza kupevuka, kwa hiyo kama hataki mimba, njia ya uzazi wa mpango iwepo kabla ya kidonge cha kwanza.