Fomula za kwantamu: nihifadhi zote?

Mwanafunzi, Wete
Asalaam alaykum. Nasoma fizikia mwaka wa pili, niko nyumbani likizo. Fomula kama arubaini za kwantamu (fizikia ya vitu vidogo mno kama elektroni) nimezibandika ukutani na nazisoma kila asubuhi. Jana nikakuta swali: kisanduku cha elektroni chenye urefu L kimepanuliwa kikawa 2L, nishati yake inakuwaje? Nikakwama kabisa. Niongeze kuhifadhi, au nifanyeje?

Dada wa Tunguu
Hifadhi, mdogo wangu. Saa ya mtihani haikusubiri. Mimi ndivyo nilivyofaulu.

Mwalimu mstaafu, Ng'ambo
Mwanangu, nimesomesha fizikia skuli kwa miaka, na jioni napiga udi. Utazame uzi wa udi. Umefungwa huku na huku, kwa hivyo hautikisiki utakavyo: ndani yake huingia nusu wimbi moja, au mbili, au tatu, zilizo kamili. Elektroni kisandukuni ni hivyo hivyo. L ni n mara nusu wimbi, n ikiwa idadi ya hizo nusu, basi urefu wa wimbi, λ, ni 2L/n. De Broglie alitupa mwaka 1924 kwamba p = h/λ (p ni tungamo mara kasi, h ni namba ya Planck isiyobadilika), kwa hivyo p = nh/2L. Nishati ni p²/2m, m ikiwa tungamo ya elektroni. Weka, utapata n²h²/8mL². Kisanduku kikiwa 2L, nishati inabaki robo. Basi.

Dada hapo juu simpingi moja kwa moja, maana yapo ya kuhifadhi. Mlinganyo wa Schrödinger wa 1926, unaoeleza wimbi la chembe, ndio mwanzo wenyewe, hutautoa kwengine. Na xp − px = iħ, x ikiwa mahali na ħ ikiwa h/2π. Na ile −13.6 elektronivolti, nishati ya chini kabisa ya elektroni kwenye hidrojeni, ili ukipata jibu la elfu ujue umepotea njia. Hayo yahifadhi kama ulivyohifadhi juzuu chuoni, na unajua mwenyewe kuwa hifdhi bila ya kudurusu inakimbia. Yaliyobaki yatoe kwenye karatasi tupu kila siku baada ya alasiri, mpaka mkono uzoee.

Mwanafunzi, Wete
Maalim, Mungu akuzidishie. Nimejaribu leo bila daftari. Mara ya kwanza nishati ilitoka mara nne ya inavyotakiwa, nikarudi kwenye uzi wako nikaona: niliandika wimbi zima badala ya nusu. Mara ya pili imekubali. Ukutani nimebakisha karatasi tatu.

Mwalimu mstaafu, Ng'ambo
Kesho fanya 3L.